Tamu za Nai: Wikendi Mos Mos na Chali Yangu

Wikendi ikifika, machali wengi wa Nai wanawazanga kitu moja: nitampeleka manzi mall gani? Manzi naye anawaza atadunga nini ndio mapicha zitoke fiti. Mnafika, mnapanda ngazi ya stima, mnashuka ngazi ya stima, mnakunywa juisi ya punch mzima, mnarudi mtaa mmesota na hakuna stori mmeokota. Mimi naona raha ya hii tao iko nje, kwa barabara, kwa majengo za kitambo na kwa zile sinia za vitu tamu zenye watu wa kila aina walikuja nazo hapa. Ukitaka kujua Nairobi ilitoka wapi, fuata sukari.

Chali yangu anauza njumu Gikomba. Mimi nasuka nywele kwa saluni Umoja. Jumamosi kwetu wote ni siku ya kusaka doh, wateja wanaanza kufurika asubuhi mapema, so wikendi yetu inaanzanga Jumamosi jioni, akishafunga mzigo na mimi nikishaweka vitana chini. Kutoka hapo hadi Jumapili jioni hatupangii mtu mwingine. Hatuna dinga. Tuko na miguu na mathree, na sisi wote tunapenda vitu tamu vibaya sana.

Jumamosi hii tulikutana Isich, yaani Eastleigh. Yeye alikuja na mguu kupitia Pumwani, mimi nikashukia First Avenue na nikamngoja kando ya msee wa tende. Wasee husema Isich ni fujo, mikokoteni, honi, mahandaki ya maji, na si uongo. Lakini jua ikianza kushuka, hiyo mtaa inabadilika. Wamathe wanatoka na mabuibui za rangi, watoi wanakimbizana kwa vichochoro, na harufu ya uvumba inatoka kwa maduka hadi unaskia ni kama kuna harusi kila floo. Tukashikana mikono ndio tusipotezane na tukaanza kusonga pole pole.

Halwa ndio ilitupeleka huko. Kama hujawai simama mbele ya duka ya halwa Isich, hiyo ni deni uko nayo. Kuna sinia kubwa ya bati, na ndani yake kuna kitu ya kahawia inaelekea kuwa nyekundu, inang'aa, imemwagiwa lozi juu. Sukari inayeyushwa kwa maji kwa sufuria yenye mtu anaweza kaa ndani, wanga inaingia, samli inamwagwa kidogo kidogo, halafu iliki na kungumanga. Mwenye anapika haruhusiwi kuacha kukoroga, juu akipumzika tu inashika chini na kazi yote imeenda. Ni kazi ya mikono na mgongo. Ndio maana Wasomali wanaiweka mbele ya watu harusini na Idd: hiyo ni heshima imepikwa.

Mzee wa duka alituona tukizubaa na akachukua kisu. "Abaayo, onja kwanza," akanipea kipande kwa ncha. Halwa haikatiki kama keki. Inavutika, inakataa, halafu inaachilia. Kwa mdomo inakuwa moto hata kama imepoa, juu ya zile viungo, na samli inabaki kwa midomo. Chali yangu alifunga macho. Akamwambia, "Mzee wangu, tupimie robo." Mzee akapima, halafu akaongeza kipande juu bila kuangalia mizani, akasema hiyo ni ya bibi. Sisi hatujaoana bado, lakini hakuna mtu alimrekebisha.

Kahoteli ya kando iko na chai ya maziwa ya ngamia, na hiyo ndio inafaa halwa. Iko na tangawizi, mdalasini na iliki, na chini kabisa kuna kaladha ka moshi, juu vyombo za hayo maziwa hufukizwa moshi ndio yakae. Mara ya kwanza unaweza kunja uso. Kunywa tu. Moshi inakata utamu ya halwa, halwa inakata moshi, na unajipata umemaliza kikombe.

Isich ilianzishwa 1921, na kutoka mwanzo Wahindi na Wasomali walikuwa ndani. Lakini Isich yenye sisi tunajua ilipikwa baada ya 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka Mogadishu na wasee wakakimbia vita. Wengine waliishia hapa. Kuna loji ilikuwa inaitwa Garissa Lodge, mahali pa kulala tu, na vyumba zake zikageuka maduka: msee analala na mzigo, asubuhi anaufungua na kuuza hapo hapo. Zile jengo kubwa za biashara unaona leo zilifuata hiyo njia. Mtu amepoteza nyumba, amevuka mpaka na watoi, na bado amekuja na kichwa imejaa biashara na namna ya kukoroga halwa. Mimi nikikula hiyo kitu naifikiria hivo, na naionea heshima.

Jumapili asubuhi tulishika nganya mapema. Jumapili ndio siku ya kutembea tao. Hakuna jam, makanga hawapigani, na unaweza simama katikati ya Moi Avenue ukaangalia juu bila mtu kukusukuma. Unajua ni majengo ngapi hatujawai ziangalia juu? Kutoka chini hadi floo ya pili ni maduka ya simu. Kutoka hapo kwenda juu kuna mawe ya kuchongwa, kuna miaka imeandikwa, kuna madirisha za mbao.

Tulianzia makumbusho ya reli, ile iko nyuma ya steji ya Railways, ilifunguliwa 1971. Wasee wengi wanapitanga hapo kila siku wakienda kushika mat na hawajui. Ukiingia, kelele ya tao inazimika. Kuna gari moshi kubwa nyeusi zimepumzika kwa nyasi, na unaruhusiwa kupanda na kushika vyuma. Mabehewa kadhaa zimechorwa grafiti kali, so kama unataka mapicha na luku yako, hapo ndio mahali.

Kitu ilinishika ni behewa moja ya zamani ya mbao. 1900, huko Kima upande wa Ukambani, simba mmoja alikuwa anasumbua watu wa reli. Afisa wa polisi anaitwa Charles Ryall akalala ndani ya hiyo behewa na wenzake wawili, plani ikiwa ni wamngoje simba wamlime risasi. Usingizi ikamshinda. Simba akaingia, akambeba, akatoka naye kupitia dirisha. Behewa yenyewe ndio hiyo, imesimama hapo, unaweza iguza. Chali yangu alipima hiyo dirisha na mikono yake, akanyamaza, halafu akanivuta tukatoka nje kwa jua.

Hiyo reli ndio ilizaa hii town. Kazi ilianza Mombasa 1896, ikafika hapa Mei 1899 wakati hapa palikuwa tu kinamasi na maji baridi ya Wamaasai, ikafika Kisumu 1901. Vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kwa kazi. Zaidi ya 6,000 walibaki kandarasi ilipoisha, na wafanyabiashara wengine, wengi kutoka Gujarat, wakawafuata. Kumbuka hiyo, juu saa kumi ya jioni tutakuwa tunakula kazi ya mikono yao.

Kutoka Railways tulitembea na Moi Avenue hadi Jeevanjee. Njiani kuna yule jamaa wa mabuyu mwenye hajawai kosa Jumapili, ndoo yake imefunikwa vizuri na kijiko kirefu. Mbegu za mbuyu zinatoka Pwani na Ukambani, zinapikwa kwa sukari, rangi nyekundu, iliki na pilipili kidogo. Mbao unapata za kujaza kiganja. Unafyonza, unatafuna ile nyama ya nje inakuwa chachu, unatema mbegu. Ulimi unabaki nyekundu mchana wote. Sisi tulikuwa tunaonyeshana ndimi kama watoi wa nasari, mbele ya wasee wazima wakitoka kanisa, na sijutii.

Jeevanjee Gardens ni bustani ya watu. Jeevanjee ni jina ya zamani wengi wanaisoma tu kwa vibao. A. M. Jeevanjee alizaliwa Karachi, na ndiye alikuwa mkandarasi wa kuletea reli vibarua na vyakula. 1906 akapea wakaazi wa Nairobi hiyo shamba katikati ya tao iwe ya kupumzika. 1991 kukatokea mpango wa kuijenga, na mjukuu wake Zarina Patel akasimama kupinga, na watu wakasimama naye. Ndio maana leo mimi na chali yangu tuko na benchi ya kukaa bila kununua kitu. Hapo Jumapili kuna mhubiri upande moja, wasee wa siasa upande mwingine, na wapenzi wamejaza kivuli. Hakuna askari anakuuliza umekaa ukingoja nani. Hiyo uhuru ya kukaa tu ni kitu kubwa sana kwa mtu hana doh, na inafaa tuilinde.

Kwa hiyo benchi ndio chali yangu aliniambia anataka kutoka kwa kibanda ya kukodisha na kufungua yake. Alikuwa amebeba hiyo stori kwa roho tangu mwaka ianze. Aliniambia pia anaogopa kuja kwetu kuona mathe kabla hiyo biashara isimame. Nikamchanua: mathe wangu ameuza sukuma Mutindwa miaka yote nikikua, hatapima mtu na ukubwa wa kibanda. Tulibonga hadi jua ikatufuata kwa benchi. Nimeona hii mara mingi: mtu akitembea kando yako bila haraka, ulimi wake unafunguka. Mkiwa mmekaa mezani mkiangaliana na bili iko njiani, kila mtu anachunga maneno.

Tukaendelea. Tulipitia Banda Street tukaona McMillan Library na wale simba wawili wa mawe mlangoni. Jengo ni ya 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Waafrika walikuja kuruhusiwa 1958. Jumapili imefungwa, tuliangalia tu kwa nje. Lakini wewe wa Eastlands, ziko zingine mbili chini ya hiyo jina ya McMillan, ya Kaloleni na ya Makadara, na shirika ya Book Bunk wamezirudisha zikawa fiti kabisa. Peleka mtu wako huko siku moja mkasome pamoja. Ni deti kali kuliko unavyodhani.

Museum Hill tulipanda na mguu, na pale katikati ya njia kuna msee wa miwa na mkokoteni wake. Anamenya na panga, anakata vipande vidogo kwa haraka hadi huwezi fuata mkono. Maji ya muwa ikishuka kwa koo na hiyo jua, mlima unaisha bila ujue.

Nairobi National Museum ilifunguliwa 1930, na kila mtoi wa shule hapa ameletwa mara moja na basi ya shule, akapigiwa kelele na odijo asiguze kitu, akarudi na kalamu imepotea. Rudi ukiwa mkubwa. Ni kitu tofauti kabisa. Sisi tulikaa sana na Ahmed. Huyo alikuwa ndovu wa Marsabit, na pembe zake zilikuwa kubwa hadi watu wakaogopa majangili watamuua, na 1970 Mzee Jomo Kenyatta akatoa amri ya rais alindwe. Akachungwa na askari wa bunduki hadi akafa kifo ya kawaida 1974. Sanamu yake imesimama uani, ukubwa wake mwenyewe. Chali yangu ni mrefu, lakini alisimama chini ya hiyo pembe na akaonekana katoto.

Ndani kuna yule kijana wa Turkana. Mifupa yake ilipatikana 1984 kule Nariokotome na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye macho makali. Kijana amelala hapo kwa kioo, aliishi kama miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, na alikufa akiwa bado mtoi. Tulinong'ona tukiwa mbele yake. Watu wote kwa hicho chumba walikuwa wananong'ona. Nyoka tuliwaacha, mimi na nyoka hatuongei.

Saa kumi, ubao ilikuwa imetushika. Kutoka Museum unashuka, unavuka upande wa Ngara, na harufu yenyewe inakuonyesha njia. Sasa hapa ndio nataka usimame na mimi.

Jalebi inaanzia kwa unga umekorogwa na ukaachwa uchachuke. Msee wa karai anajaza huo unga kwa kitambaa kina katundu, anakifinya juu ya mafuta moto, na mkono wake unazunguka: duara, duara ndogo ndani yake, mstari wa kufunga. Anafanya hivo moja baada ya ingine bila kuinua mkono hadi karai inajaa. Zinafura, zinageuka rangi ya chungwa, anazigeuza na chuma refu, anazitoa, na zikiwa bado zinalia mafuta anazizamisha kwa shira ya sukari. Hazikai huko sana. Akizitoa, ukiuma, nje inavunjika na shira inatoka ndani ikiwa moto, tamu, na chini ya utamu kuna ile chachu ya unga. Hiyo chachu ndio siri. Jalebi bila chachu ni sukari ya kukaanga tu.

Tulikula tumesimama, vidole zinanata, karatasi imelowa mafuta. Kando yetu kulikuwa na familia ya Wahindi, babu na wajukuu, na nyuma yetu maboyz wa boda wakiwa wamevua helmeti. Wote wanakula kitu moja. Nikamkumbusha chali yangu ile behewa ya asubuhi na wale vibarua. Akasema, "Walikuja kulala kwa mahema na simba, na bado wakatufunza kupika hii." Halafu akaenda kununua ingine.

Tulimalizia na faluda, glasi moja na vijiko viwili: maziwa baridi, shira ya waridi inafanya rangi iwe ya pinki, tambi laini, zile mbegu ndogo zinavimba na kuteleza kwa ulimi, na aiskrimu juu. Hiyo unakunywa mos mos juu hakuna njia ingine. Ukitaka kuongeza paan tamu, panda hadi Parklands, lakini sisi tumbo ilikuwa imekataa.

Doh? Siku zote mbili, sisi wawili, mlango za makumbusho, mathree na kila kitu tuliweka kwa mdomo, hatukumaliza ngiri tatu. Mkenya analipa bei ya chini kuliko mgeni kwa hizo mlango, so beba kitambulisho. Simu iweke mfuko ya mbele, hasa Isich na Ngara kwenye watu wamebanana. Vaa njumu haikuumi. Na usiweke kila mahali kwa siku moja, juu ukianza kukimbizana na saa umerudi kwa ile maisha ya Jumatatu.

Naomba tu hivi: kama uko na mtu unampenda na mko Nai, msiache hii town ikae ya kupitia tu mkienda job. Bustani zetu, reli yetu, laibu zetu, zinakufa watu wakiacha kuingia. Jumapili ijayo muingie. Na mkifika Ngara, msichukue ile jalebi imekaa kwa kioo tangu asubuhi. Mngoje ya kutoka kwa karai.